Ugonjwa wa Kuvu ya Kucha, na Namna ya Kuutibu

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea kusoma, vua viatu vyako uangalie kucha zako za miguu. Ziangalie moja moja, kuanzia kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Kisha angalia na kucha za mikono. Je, zote ni laini, nyembamba, na za rangi moja? Au uko na ukucha mmoja uliokuwa mnene, uliogeuka rangi ya manjano au ya udongo, unaovunjikavunjika kama mkate mkavu? Kama uko nao, maneno haya ni yako. Kama huna, soma vilevile, maana labda mtu wa nyumba yako anao naye anauficha.

Watu wengi wana ugonjwa huu, lakini wachache wanakuja hospitali kwa ajili yake. Wengine husema, "Hauniumi, nitauacha." Wengine wanaona haya. Mama anaficha mkono wake ndani ya kitenge wakati watu wanaposalimiana mlangoni pa kanisa. Baba anakataa kuvua viatu akifika nyumbani kwa wakwe zake. Wengine wanafikiri wamelogwa, wanamaliza franga zao kwa mpiga ramli, na ukucha unabaki vilevile.

Ndugu, hakuna haja ya haya, wala ya woga. Ugonjwa huu una sababu inayojulikana, tena una dawa inayojulikana. Lakini kuna jambo moja linalowashinda watu wengi kuliko dawa yenyewe. Jambo hilo ni subira.

HABARI ZA BABA MMOJA

Baba mmoja mchimba dhahabu alikuja kwetu kutoka upande wa Mongbwalu. Kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya maji na matope tangu asubuhi mpaka jioni, amevaa mabote ya mpira. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kuume ulikuwa umeharibika tangu miaka mingi. Alikuwa amepewa vidonge, na vilikuwa vidonge vizuri. Alivimeza kwa juma tatu. Kisha akaangalia ukucha wake, akaona ni uleule. Akasema, "Dawa hii ni ya uongo," akampa ndugu yake vidonge vilivyobaki.

Baadaye rafiki yake alimshauri kutia maji ya betri ya gari juu ya ukucha. Akatia. Usiku ule hakulala. Alipofika kwetu ngozi ya kidole chote ilikuwa imeungua, na kidonda kilikuwa kinatoa usaha. Lakini kuvu ilikuwa iko bado. Tulimfunga kidonda siku kwa siku kwa majuma mengi.

Siku moja nilimwuliza, "Baba, wakati ulipokuwa unameza vile vidonge, ulitazamia ukucha ufanye nini?" Akajibu, "Nilitazamia ule ukucha mbovu uwe mzuri tena."

Nikaelewa ya kuwa kosa halikuwa lake peke yake. Aliyempa vidonge alimwambia hesabu ya kumeza, lakini hakumweleza namna ukucha unavyopona. Na mimi pia, katika miaka yangu ya kwanza ya kazi, niliwapa watu wengi vidonge namna hiyohiyo, nikashangaa kwa nini hawakuvimaliza. Kwa hiyo nataka kukueleza wewe vizuri.

1. UKUCHA NI KITU GANI?

Ukucha si nyama, wala si mfupa. Umetengenezwa kwa kitu kilekile kinachofanya nywele zetu, na pembe za ng'ombe, na kwato za mbuzi. Sehemu ile unayoiona imekwisha kufa. Ndiyo sababu ukiikata huumii. Sehemu iliyo hai ni mzizi, nao umefichwa chini ya ngozi, nyuma ya ukucha. Mzizi unatengeneza ukucha mpya kila siku, na kuusukuma mbele polepole.

Angalia mgomba katika shamba lako. Jani lililokwisha kukauka halirudi kuwa la kijani, hata ukilimwagilia maji namna gani. Lakini kutoka katikati ya shina jani jipya linasukuma juu, na jani kavu linakatwa na kutupwa. Mkulima mwenye akili hangojei jani kavu lipone. Analinda lile jipya.

Ndivyo ilivyo na ukucha. Ukucha uliokwisha kuharibika hauponi. Unaondoka. Dawa haiutengenezi, dawa inaulinda ule mpya unaotoka kwenye mzizi, ili kuvu isiushike. Ule wa zamani unasukumwa mbele, nawe unaukata kidogo kidogo mpaka unakwisha wote.

Sasa, unakwisha kwa muda gani? Ukucha wa mkono unaota karibu milimita 3 kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo unabadilika wote kwa miezi 6 hivi. Ukucha wa mguu unaota polepole zaidi, milimita 1 mpaka 1 na nusu tu kwa mwezi. Ule wa kidole gumba cha mguu unataka mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Kwa wazee unachelewa hata zaidi.

Umeona? Baba yule aliangalia ukucha wake baada ya juma tatu. Katika juma tatu ukucha wa mguu unaota kadiri ya milimita moja tu, na hiyo milimita moja ilikuwa imefichwa bado chini ya ngozi. Dawa ilikuwa inafanya kazi, lakini macho yake hayakuweza kuiona.

2. KUVU NI KITU GANI, NA INAINGIAJE?

Umepata kuona mkate wa siku nyingi, jinsi unavyoota vinyweleo vyeupe na vya kijani? Umepata kuona mshipi wa ngozi uliosahauliwa katika sanduku wakati wa mvua? Kitu kile kinachoota ni kuvu. Kuna kuvu za aina nyingi sana. Nyingine zinakula miti iliyooza, nyingine zinaharibu mihogo ghalani, na chache zinapenda kula ngozi na kucha za watu. Zinapenda joto, giza na unyevu. Basi fikiri: ndani ya bote la mpira lililovaliwa mchana kutwa mna nini? Mna joto, giza na unyevu.

Mara nyingi kuvu inaanza kwenye ngozi, katikati ya vidole vya miguu, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano. Ngozi inakuwa nyeupe, inapasuka, inawasha, inatoa harufu. Mtu haijali. Baada ya miezi au miaka, kuvu inaingia chini ya ncha ya ukucha na kutambaa kuelekea mzizi.

Inapita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa vitu vinavyochangiwa: soksi, viatu, kitambaa cha kukaushia miguu, sakafu ya bafu inayokaa na maji, na vyombo vya kukatia kucha. Katika mji wetu wa Bunia kuna vijana wanaozunguka mitaani na kikapu cha rangi za kucha, wakigonganisha chupa ili mama waitoke. Kazi yao ni ya halali, tena wengine wanaifanya vizuri. Lakini kikatio kilichotoka katika ukucha mgonjwa wa mama wa kwanza kinaweza kuchukua kuvu mpaka kwa mama wa pili. Kama unapenda kutengenezwa kucha, nunua kikatio na tupa yako mwenyewe, umpe atumie hivyo. Na kama ukucha wako umeharibika, usiufunike kwa rangi miezi na miezi, maana hutaona mambo yanayoendelea chini yake.

Watu wanaoshikwa zaidi ni wachimbaji wanaosimama majini, wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, askari na walinzi wanaovaa viatu vizito, wazee, watu wenye ugonjwa wa sukari, na wale ambao nguvu ya mwili imepunguzwa na ugonjwa mwingine. Tena watu waliokimbia vita na kukaa wengi pamoja, wakichangia beseni moja na kandambili moja, wanaambukizana kwa urahisi.

3. SI KILA UKUCHA MBAYA UNA KUVU

Hapa sikiliza sana. Kati ya kucha zote zilizoharibika, karibu nusu tu ndizo zenye kuvu. Mtu akimeza vidonge vya kuvu kwa miezi mitatu naye hana kuvu, amepoteza franga zake na kuuchosha mwili wake bure. Angalia mambo haya:

Ukucha uliopigwa na jiwe au jembe, au unaobanwa na kiatu kila siku, unaweza kuwa mnene na mweusi pasipo kuvu yoyote.

Funza waliotolewa mara nyingi pembeni mwa ukucha wanauharibu umbo.

Kuna ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasi, nao unatoboa kucha vitundu vidogo vidogo kama alama za sindano. Hauambukizi, na dawa ya kuvu haiutibu.

Mama anayefua nguo kila siku, au kuosha vyombo, au kumenya mihogo iliyolowekwa, anaweza kuona ngozi ya pembeni mwa kucha za mikono inavimba, inakuwa nyekundu na kuuma, na ukucha unaota mikunjo. Shida yake ya kwanza ni maji. Kwa ugonjwa huo, kukausha mikono ni dawa kuliko dawa. Avae glovu za mpira wakati wa kufua, akaushe mikono vizuri, na kupaka mafuta. Mara nyingi kuvu ya aina nyingine, inayoitwa kandida, inaingia pale. Mganga atampa dawa ya kupaka. Moja ya dawa hizo ni nistatini, iliyogunduliwa mwaka 1950 na mama wawili wa New York, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, kutokana na kijidudu cha udongoni. Kama kuna usaha, aje hospitali upasuliwe.

Ukucha ulioanza kuwa mweupe upande wa mzizi, wala si upande wa ncha, mara nyingine ni ishara ya kuwa nguvu ya mwili imepungua. Mtu huyo apimwe damu kwa ajili ya virusi vya ukimwi. Asiogope. Anayejua mapema anapata dawa mapema, na anaishi.

Mwisho, kuna alama nyeusi. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana mistari ya rangi ya kahawia katika kucha kadhaa, nayo haina neno. Lakini mstari mweusi mmoja, katika ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, au weusi unaotoka katika ukucha na kuingia katika ngozi, au kidonda chini ya ukucha kisichopona, mtu asingoje hata juma moja. Unaweza kuwa saratani. Vijana wanajua nyimbo za Bob Marley wa Jamaika. Mwaka 1977 waganga walikuta saratani ya namna hii chini ya ukucha wa kidole cha mguu wake. Alikufa mwaka 1981, mwenye miaka 36. Kwa hiyo usipake dawa ya kuvu juu ya alama nyeusi usiyoijua.

Basi mganga anajuaje kama ni kuvu? Anakata kipande cha ukucha mgonjwa na kukwangua unga ulio chini yake. Katika maabara wanautia dawa ya potasi inayoyeyusha ukucha, kisha wanaangalia kwa darubini. Kuvu ikiwapo, inaonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi. Pima kwanza, ndipo umeze.

4. DAWA ZAKE

Zamani hapakuwa na dawa ya kumeza. Waganga walikuwa wanang'oa ukucha, na mara nyingi mpya uliota na ugonjwa uleule. Mafuta ya Whitfield, yaliyoitwa kwa jina la mganga Mwingereza, yalitumika tangu mwanzo wa karne ya 20, nayo ni mazuri hata leo kwa ngozi ya katikati ya vidole. Lakini dawa ya kupaka haipenyi vizuri ukucha mnene. Ni kama mvua juu ya bati.

Mwaka 1958 ilionekana ya kuwa griseofulvini, dawa ya kumeza, inaponya magonjwa ya kuvu za ngozi. Lilikuwa jambo la furaha kubwa. Lakini kwa kucha za miguu mtu alipaswa kuimeza mwaka mzima au kupita, na wengi hawakupona. Leo bado inasaidia watoto wenye mabato ya kichwani. Mama mwenye mimba asiitumie kamwe.

Dawa inayosaidia zaidi leo kwa kuvu ya kawaida ya kucha ni terbinafini. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1991. Kwa mtu mzima, kipimo ni kidonge kimoja cha miligramu 250 kila siku. Kwa kucha za mikono anameza juma 6, yaani vidonge 42. Kwa kucha za miguu anameza juma 12, yaani vidonge 84. Vihesabu. Ukimaliza vyote, ukucha hautakuwa safi bado, nawe usishangae. Dawa imeingia ndani ya ukucha wenyewe, nayo inakaa humo miezi kadhaa ikiendelea kuulinda ule mpya.

Kama kuvu ni ya aina ya kandida, mganga atachagua dawa nyingine, kama itrakonazoli au flukonazoli.

Dawa hizi ni njema, lakini si pipi. Zinapita katika ini. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwambie mganga kama umepata kuugua manjano au ugonjwa wa ini, kama unakunywa pombe, kama uko na mimba au unanyonyesha, na dawa zote nyingine unazomeza, hasa za kifua kikuu, za sukari, za moyo na za virusi vya ukimwi. Mama mwenye mimba angoje. Ukucha unaweza kungoja, mtoto hawezi. Wakati wa kutumia dawa, ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai kali, uchovu mkubwa, kutapika, au vipele mwili mzima, acha dawa siku ileile na uje hospitali.

Sasa neno la kuonya. Katika maduka mengi ya dawa utauziwa vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya kucha. Usivikubali. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya walishauri vidonge hivyo visitumike tena kwa magonjwa ya kuvu, kwa sababu vinaharibu ini. Mwaka ule Marekani nayo ilitoa onyo kali, na mwaka 2016 ikaonya tena, maana mtu aliyepewa vidonge hivyo kwa ajili ya ukucha tu alikufa kwa ugonjwa wa ini. Mtu asife kwa sababu ya ukucha! Ketokonazoli ya kupaka juu ya ngozi haina hatari hiyo. Hatari iko katika vidonge.

Je, kila mtu lazima ameze dawa? Hapana. Mzee ambaye ukucha wake haumwumi, na ini lake si zuri, afadhali aukate vizuri na kuusugua kwa tupa kila mwezi, na kutibu ngozi ya katikati ya vidole. Na kwa ukucha ulio mnene sana kuna dawa ya urea ya kulainisha, asilimia 40. Mganga anafunika ngozi ya pembeni, anapaka urea juu ya ukucha, anafunga bendeji kwa siku kadhaa. Ukucha mgonjwa unalainika na kukwanguliwa pasipo damu. Hakuna haja ya koleo.

5. ALAMA YA TUPA

Nitakufundisha jambo dogo linalosaidia sana wagonjwa wetu. Siku ya kwanza ya dawa, angalia mahali ukucha mgonjwa unapokutana na ukucha mzuri. Hapo, kwa tupa ndogo ya kucha, chora mstari mwembamba juu ya ukucha. Usikwangue mpaka kwenye nyama. Ukitaka, mwambie mganga akuchoree. Andika tarehe nyuma ya kadi yako ya hospitali.

Kisha usiangalie kila siku. Angalia mara moja kwa mwezi. Utaona mstari umesogea mbele kidogo. Kama ugonjwa unabaki mbele ya mstari, upande wa ncha, na nyuma ya mstari ukucha ni safi, dawa inafanya kazi. Endelea. Kama ugonjwa umevuka mstari na kurudi nyuma kuelekea mzizi, dawa haifanyi kazi. Rudi hospitali tufikiri pamoja. Mstari ukikaribia kufutika, uchore upya palepale.

Mstari huu unafanya kazi mbili. Unamwonyesha mganga ukweli, na unampa mgonjwa moyo.

6. MAMBO YASIYOFAA KABISA

Usitie maji ya betri, wala jiki, wala petroli. Vinaunguza ngozi iliyo hai, na kuvu inabaki chini ya ukucha. Usichome kwa moto wala kwa chuma. Usikate kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine, maana wembe huo unaweza kuchukua magonjwa ya damu. Usimpe ndugu yako nusu ya vidonge vyako. Nusu haitamponya yeye, wala haitakuponya wewe.

7. KAZI YA NYUMBANI

Dawa inaua kuvu iliyo katika mguu. Lakini kama viatu vimejaa kuvu, utaambukizwa tena na viatu vyako mwenyewe. Kwa hiyo:

Osha miguu kila jioni kwa sabuni, ukaushe vizuri katikati ya vidole kwa kitambaa chako peke yako.

Kama ngozi ya katikati ya vidole ni mgonjwa, paka dawa yake mpaka mwisho wa siku ulizoambiwa, hata kama kuwasha kumekwisha.

Badili soksi kila siku. Zifue kwa maji ya moto, uzianike juani.

Kama una jozi mbili za viatu, vaa moja leo na nyingine kesho, ili kila jozi ipate kukauka. Mwenye mabote ya mpira ayamwage maji, ayageuze mdomo chini usiku, na kuyaweka juani mchana wa siku ya kupumzika.

Kata kucha kwa kuzinyosha, zisiwe ndefu. Osha kikatio kwa sabuni na kuchemsha kama ni cha chuma kitupu.

Angalia miguu ya watu wote wa nyumba. Kutibu mmoja na kuwaacha wanne ni kazi ya bure.

8. NANI ASICHELEWE?

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari asidharau ukucha hata kidogo. Mguu wake mara nyingi hausikii maumivu. Ukucha mnene unatoboa kidole cha pili, naye hajui. Ngozi iliyopasuka katikati ya vidole inakuwa mlango wa vijidudu vingine, mguu unavimba na kuoza, na tumelazimika kuwakata watu miguu kwa jambo lililoanza dogo hivyo. Aangalie miguu yake kila siku, au mjukuu amwangalizie.

Vilevile mtu ambaye mguu wake hausikii moto wala mwiba, au mwenye mabaka ya ngozi yasiyosikia, aje apimwe ukoma. Na mtu yeyote ambaye mguu umevimba, umekuwa mwekundu na wenye joto, pamoja na homa, aje siku ileile.

MWISHO WA HABARI ZA YULE BABA

Kidonda cha baba yule kilipokwisha kupona, tulimpima, tukakuta kuvu, na ini lake likaonekana zuri. Tulimpa vidonge 84 na kuchora alama ya tupa. Tulimweleza habari za jani la mgomba. Alicheka, akasema, "Jambo hili mngeniambia mwanzo."

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekasirika kwa sababu aliagizwa jambo dogo, kuoga mara 7 katika mto Yordani. Kama angalitoka majini baada ya mara ya tatu, angalirudi kwao na ugonjwa wake, akisema maji yale hayana maana. Baba yule alikuwa ametoka majini mara ya tatu. Sasa alirudi na kumaliza.

Baada ya miezi 14 alikuja kutusalimu. Hakusema neno mlangoni. Alikaa juu ya benchi, akavua kiatu mbele ya wagonjwa wote, akaweka mguu wake juani. Ukucha ulikuwa mwembamba na safi, ila kovu la maji ya betri liko pembeni, nalo halitaondoka.

YA KUKUMBUKA

Ukucha mbovu hauponi; unasukumwa nje na mpya.
Pima kwanza, ndipo umeze dawa.
Maliza vidonge vyote, na kisha endelea kungoja.
Kataa vidonge vya ketokonazoli, na maji ya betri.
Kausha miguu na viatu, utibu na nyumba yote.
Alama nyeusi inayopanuka, au mguu wa mwenye sukari: njoo leo.